Neno la Maziwa Yaliyochemshwa

Ntoto, tarehe 7 Februari 1954

Kwa kaka yangu Nzabonimpa, juu ya Nyabiondo

Kaka,

Nilipoteza nyumba ya Baba siku ya Mungu, tarehe 21 Agosti 1949, nyuma ya misa, kwa neno moja. Leo ni miaka mine, miezi mitano na siku kumi na saba. Ninaliweka hilo mbele ya salamu sababu katika barua zangu mbili za kwanza niliweka salamu mbele, na wewe ukajibu salamu peke yake.

Sasa salamu. Nakusalimu wewe, na Mama Mukandori, na muke wako Epiphanie ninayemujua kwa jina tu, na watoto wenu. Viateur, huyu muchukuzi wa chumvi anayeleta barua, anasema ni wawili. Mwengine sokoni alisema watatu. Unisahihishe. Sisi huku tuko wazima. Mwanangu Kamaliza alitimiza miaka mitano mwezi jana. Anasema lugha ya watu wa huku kuliko yetu. Juzi aliniuliza ngombe iko mukubwa kama nini. Huku chini porini hakuna hata mumoja, basi nikamuonyesha kwa mikono, urefu na upana, na pembe. Akafikiri, akasema: «Njo kusema ni mbuzi aliyekula sana.» Nilicheka, halafu nikatoka inje.

Biashara yangu ya chumvi na mafuta ya mawese inatembea. Nilianza na kikapu kimoja juu ya kichwa. Leo nina nyumba ya vyumba viwili, mulango wa mbao wenye kufuli, na shamba la mihogo hatua mia na ishirini kwa themanini, nimelipima mwenyewe kwa miguu yangu. Sikupewa na muntu. Nakuambia hivi usifikiri ninaandika kwa kuomba kitu cha kula.

Sasa jambo lenyewe. Ninalipanga tena vile lilivyokuwa, tusije tukabishana juu ya mambo tunayoyajua wote wawili.

Bwana yangu Hakorimana alipokufa kwa homa, nilirudi kwa Baba na mutoto wa miezi sita mugongoni. Mutoto akaanza kuhara. Enfirmie, muuguzi wa dispanseri, akaniambia maziwa ya mutoto yachemshwe kwanza. Kwetu maziwa hayapandi juu ya moto. Inasemwa moto unaochoma maziwa unafika mpaka kwenye kiwele cha ngombe aliyeyatoa. Nilijua. Siku ya pili, tarehe 16 Agosti, mchana, katikati ya kiwanja, nikaweka chungu juu ya mafiga matatu na nikachemsha. Mama aliniona. Juma lile lile ngombe wetu Bihogo, Gaju na Nyombya wakakauka wote watatu.

Siku ya Mungu ukasimama mbele ya Baba, mbele ya wajomba, mbele ya Makuza jirani yetu wa malisho, ukasema: «Verdiane ni intumva, haambiliki. Katazo alilisikia na akalivuka. Intumva hamiminiwi maziwa katika nyumba hii.» Baba alikuwa mugonjwa juu ya mukeka wake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliangalia vyombo vya maziwa tu. Jioni ile maziwa yalizunguka, yakanipita. Muntu asiyemiminiwa maziwa kwa baba yake hana kwa baba. Asubuhi nilifunga muzigo.

Baba alikufa tarehe 3 Machi 1952. Mimi nilisikia siku ya Pasaka, nyuma ya siku makumi ine na moja, kwa mudomo wa muchukuzi wa chumvi. Mulikuwa mumekwisha kunyoa na kumaliza kilio.

Ninaomba kitu kimoja. Uliondoe lile neno mbele ya wale waliolisikia, Mama angali muzima, ili nije kwetu na niketi.

Viateur atangoja siku mbili.

Dada yako, Verdiane


Nyabiondo, tarehe 25 Aprili 1954

Dada Verdiane,

Yezu akulinde wewe na mutoto. Barua yako ilifika, lakini Viateur hakungoja, alisema chumvi yake inaloa. Halafu ikaja mvua, halafu kupalilia maharagi, halafu kwaresima. Usihesabu miezi, ninajua unahesabu.

Watoto ni watatu. Yule wa sokoni alisema kweli: wa tatu alizaliwa mwezi wa kumi, ni binti, anaitwa Dorothée. Ngombe sasa ni saba. Epiphanie anakusalimu. Nyumba ya Baba tuliiezeka upya. Ule ukuta wa matete nyuma, pale mulipokuwa munapanga vyombo vya maziwa na Mama, umesimama vilevile.

Mama iko. Macho yake yamepunguka sana. Anatujua kwa kishindo cha miguu. Siku moja alipita muke mumoja njiani anatembea haraka haraka kama wewe, Mama akasimama mulangoni mpaka kishindo kikapotea. Mimi sikumuuliza.

Juu ya lile neno. Dada, unalikuza. Mimi nilikuwa nimekwisha kulisahau. Intumva si tusi. Baba mwenyewe, watu wa chefu walipokuja kumuambia ahamishe nyumba aiweke kando ya barabara, alikataa mara tatu, wakamuita intumva, akarudi nyumbani akicheka, akasema: «Sisi hatupindwi kama fito.» Umesahau? Kwetu ni kama sifa. Kila muntu wa mulima huu anaitwa hivyo siku moja. Jana tu Epiphanie alimuita kuku intumva, na kuku akaendelea kula unga.

Ngombe watatu walikauka, Verdiane. Mimi njo nilikuwa nawachunga kule juu. Mimi njo niliwaona. Tuache yale. Uandike juu ya mutoto, anafunda nini kwa katekista, na kama homa ya huko chini inawapata.

Kaka yako, Nzabonimpa


Ntoto, tarehe 9 Mei 1954

Kaka Nzabonimpa,

Salamu kwenu wote, na kwa Dorothée zaidi sababu hajanifanyia kitu. Sisi wazima. Homa ilinipata siku ine katika Aprili, ikaniacha. Kamaliza anafunda sala kwa katekista Mbonigaba, na kuhesabu ninamufunda mwenyewe. Anafika mia bila kuvuta pumuzi, halafu anaanguka chini.

Habari ya Mama kusimama mulangoni nimeisoma mara nyingi. Mara ngapi sitakuambia, utasema ninahesabu.

Unasema neno si tusi. Basi tulipime. Mutoto anakataa kwenda kuteka maji, mama yake anamuita intumva. Jioni anapewa chakula, na neno limekufa na moshi wa moto ule. Kuku hana shida, neno halimuingii. Baba aliitwa na watu wa inje. Neno likabaki kwenye kiingilio cha uzio wa lupango, yeye akaingia, Mama akamumiminia maziwa, akanywa akicheka. Mimi niliitwa ndani. Aliyeniita ni yule anayeshika nyumba nyuma ya Baba. Na neno lako lilikuwa na mukono, lilifunika chombo. Hayo si mambo mamoja, kaka. Kisu kile kile kinamenya kiazi na kinachinja.

Kwa intumva, watu wa huku wanasema kichwa nguvu. Kwa miaka mine nimekaa sokoni nikiangalia vile wanavyolitumia. Sijasikia hata mara moja muntu akisema juu yake mwenyewe, kwa huzuni, mimi ni kichwa nguvu. Kila mara ni mwengine. Muntu akishikilia neno lako, unamuita muaminifu. Akishikilia neno lake, unamuita kichwa nguvu. Kushikilia ni kule kule. Kinachobadilika ni kamba iko katika mukono wa nani.

Na intumva yetu ni mubaya zaidi, sababu inasema muntu hasikii. Mimi nilisikia. Siku ile nilisikia mara mbili, katazo la kwetu na neno la enfirmie. Masikio yalifanya kazi yake yote, halafu nikachagua. Ungesema nimechagua vibaya, ningeketi tukabishana mpaka moto uzime, na kesho tukaendelea. Muite muntu mubishi, bado anaongea nawe. Muite intumva, hakuna anayemujibu tena, na kila analosema linakuwa ushahidi wa neno lile. Hata barua hii. Ninajua unaisoma na unasema, mumeona?

Nikuambie jambo ambalo hulijui. Asubuhi ile nilipokuwa nafunga muzigo, Mama aliingia akatia ndani yake icyansi kimoja, chombo cha maziwa, kile kidogo cha muti, chenye kifuniko cha kusukwa. Akatoka. Kila mwezi ninakifukiza moshi vile alivyonifunda, ninakiinamisha juu ya majani yanayoungua taratibu, mpaka moshi ukae katika muti. Majani ya kwetu hayako huku. Nimejaribu majani ya namna sita. Moja linakaribia. Ninakifukiza kikiwa tupu, kaka, sina cha kutia. Nikimaliza ninaweka pua ndani na niko kwetu, pale nyuma ya ukuta wa matete, baridi ya asubuhi ikipanda kutoka bondeni, Baba akiita Gaju kwa jina. Inadumu muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Kisha harufu inageuka kuwa ya pori.

Sitaki mashamba ya Baba. Sitaki ngombe kati ya wale saba. Ninataka umimine.

Ulisema «tuache yale». Nani anayeacha, mwenye kubeba ao mwenye kutazama muzigo?

Verdiane


Nyabiondo, tarehe 4 Julai 1954

Dada Verdiane,

Amani ya Mungu iwe kwako. Kipindi cha kiangazi kimeanza vizuri, majani juu bado yako, maharagi tulivuna vikapu kumi na moja, andika hiyo kwa kuwa unapenda hesabu. Dorothée anakaa bila kushikwa. Mama alikuwa na kikohozi, kimepunguka.

Barua yako niliisoma peke yangu. Ile ya icyansi sikumusomea Mama. Mimi nilijua alikutilia. Nilimuona, na nikageuka.

Nimefikiri sana, usifikiri mimi ni jiwe. Nimeona njia. Mwezi wa nane tutakuwa na karamu ndogo. Ni miaka mitano kamili tangu nilipokwenda Kalembe kumusemesha Epiphanie. Sijakuelezea kamwe habari ile, sababu uliondoka haraka. Baba hakujua. Tulimuambia baadaye kwamba tulionana sokoni. Nilitoka kimya siku ya ine ya juma, asubuhi mapema, mbele ya sikukuu ya Asomptio, peke yangu. Jua lilikuwa kali siku zote mbili hata nikafika na vumbi mpaka magotini, na dada zake wakanicheka, wakasema: «Muchumba huyu amepakwa unga tumukaange?» Nililala pale. Siku ya tano tukaongea mpaka jioni, baba yake akatoa pombe ya ndizi, Epiphanie akapita nyuma yangu mara tatu kama anatafuta kitu. Nilirudi usiku ule nikiimba peke yangu. Mpaka leo ananichekea juu ya vumbi lile. Sijapata siku mbili nzuri kama zile.

Sasa, karamu itakuwa na wajomba wote, na Makuza, wale wale. Uje. Upige magoti mbele yao, useme: nilikuwa intumva, nilichemsha maziwa, ngombe wa Baba walikauka kwa ajili yangu. Useme hivyo tu, na mimi mbele yao nitasema nimekusamehe, na utamiminiwa. Njo desturi. Anayevuka ndiye anayerudi. Si mimi niliyetunga. Nikikupokea bila hiyo watasema Nzabonimpa anaongozwa na dada yake.

Ninakungoja. Nyumba bila sauti yako ya kubisha ni kimya mno, hata Epiphanie anasema, naye hajaisikia hata mara moja, anajua kwa Mama.

Kaka yako, Nzabonimpa


Ntoto, tarehe 20 Julai 1954

Kaka Nzabonimpa,

Namusalimu Mama, na kikohozi chake kiishe. Namusalimu Epiphanie. Leo ninamusalimu kwa moyo, na utaona kwa nini.

Barua yako ilifika siku ine zilizopita. Ile habari ya vumbi mpaka magotini nilimusomea Kamaliza, akacheka sana. Nami nilicheka. Halafu nikalala, na katikati ya usingizi hesabu ikaniamusha.

Asomptio ya mwaka 1949 ilianguka siku ya kwanza nyuma ya siku ya Mungu, tarehe 15. Siku ya ine iliyotangulia ni tarehe 11, siku ya tano ni tarehe 12. Siku hizo mbili maziwa hayakushuka kutoka malishoni. Ninakumbuka sababu Kamaliza alilia, nikamupa uji mutupu. Tarehe 13, siku ya sita, siku ya posho, ulishuka na chombo nusu, na maziwa yalikuwa na madonge, na ndani yake nyuzi nyekundu. Baba akakuuliza. Ulisema mvua kubwa na ukungu vilikufungia njia siku mbili kule juu.

Jua lilikuwa kali, kaka. Umeandika kwa mukono wako.

Ngombe watatu, asubuhi na jioni, siku mbili. Ni mara kumi na mbili hakuna muntu aliyewakamua. Na ndama ulikuwa umewafungia katika kibanda chao, ndiyo desturi yetu, wasinyonye mbele ya kukamua. Mutoto yeyote wa wachungaji anajua kiwele kilichojaa siku mbili kinafanya nini. Kinavimba, kinauma, kinaweka madonge, kinakufa. Na pale kwenye kiwanja, siku ya Mungu, Makuza alisema ndama wetu walilia siku mbili mbele ya Asomptio. Unakumbuka ulivyomujibu? Ulisema: «Makuza anasikia ndama hata ndani ya ngoma ya misa.» Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa nahukumiwa.

Maziwa niliyachemsha tarehe 16. Maziwa niliyotia katika chungu yalikuwa na madonge tayari. Ngombe walikuwa wamekwisha siku tatu mbele ya moto wangu.

Nimeiandika hesabu hii mara tatu, nikitafuta mahali nimekosea, nikitamani nipate. Sikupata.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaelewa, na kuelewa kuliniuma zaidi. Kama ungesema ukweli, wangeuliza ulikwenda wapi. Ungesema Kalembe. Wangeuliza kwa nani. Na mwanamuke yule angeingia kwetu na jina juu ya kichwa: muke aliyekausha ngombe watatu mbele ya kufika. Hakuna ambaye angemumiminia maziwa. Neno lilikuwa linatafuta kichwa cha kukaa, vichwa vilikuwa viwili, cha muchumba wako na cha dada yako. Changu kilikuwa karibu, na changu kilikuwa kimekwisha kuchemsha maziwa mbele ya watu wote. Ulichagua. Nilikuambia mimi si mwenye kutosikia, ni mwenye kuchagua. Na wewe vilevile. Tofauti ni kwamba chaguo langu lilikuwa mchana.

Sijamuambia muntu. Viateur hajui, Mama hajui, na sitamuandikia. Sitaki neno litoke juu yangu liende kuketi juu ya Epiphanie. Ninajua uzito wake. Nimelibeba siku elfu moja mia saba makumi tisa na ine, na singemupa hata adui alibebe njia ya kutoka hapa mpaka mutoni. Na Dorothée atakuwa na miaka kumi na mitano siku moja, watu watauliza ni binti wa nani. Siku zile mbili za Kalembe ziwe kati yako na Mungu, umuambie padri ukitaka. Lakini usinitake nipige magoti na kusema ngombe wa Baba walikauka kwa ajili yangu. Hilo halitatoka katika kinywa changu. Ukiniita kichwa nguvu kwa hilo, safari hii umelitumia vizuri.

Na mimi nina langu. Siku ile ningeweza kuchemsha nyuma ya nyumba, chini ya migomba, hakuna angeniona. Niliweka chungu katikati ya kiwanja makusudi. Nilitaka muntu aniulize kwa nini. Nilitaka Baba aniulize. Nilikuwa na jibu langu tayari, nimelipanga tangu asubuhi, refu na zuri. Hakuna aliyeuliza, mukaangalia moto tu, nami nikaona haya kuanza kusema bila kuulizwa. Kama ningesema, labda. Sisi wa nyumba ya Baba Kanyamibwa tuko hivyo. Baba alikufa bila kuuliza, wewe miaka mitano bila kusema, mimi miaka mitano nikifukiza chombo tupu. Watatu, na hakuna aliyepinda hata kidogo. Ningetaka mumoja wetu apinde kabla Mama hajafika mahali pasipo na kishindo cha muntu.

Sikiliza sasa, ni mambo mepesi.

Nimepata karatasi ya njia kwa teritware, ofisi ya serikali. Inanipa siku kumi na ine, kuanzia tarehe 1 Septemba. Siku tatu mpaka Kalembe, siku moja na nusu kwa miguu ya mutoto mpaka kwetu, na hivyo hivyo kurudi. Ni siku tisa. Zinabaki tano za kuketi na Mama. Hawatanipa nyingine mwaka huu, na macho ya Mama hayangoji karatasi.

Kwa mukono wa Viateur, pamoja na barua hii, ninakutumia icyansi. Ni kile kile. Nimekifukiza jana kwa yale majani yanayokaribia. Usiniandikie barua, salamu zako nzuri ninazo sasa za kutosha. Mbele ya wajomba na Makuza, siku ya karamu, useme neno moja: Verdiane si intumva. Hawatakuuliza sababu kama hutaki kuitoa, wewe njo mwenye nyumba. Kisha umimine mwenyewe, kwa mikono miwili, Mama akisikia sauti ya maziwa yakiingia. Maziwa yaliyoganda yanavumilia njia. Viateur atakuwa katika soko la Kalembe akingoja icyansi, siku ya Mungu, tarehe 22 Agosti, mpaka jua lizame. Ni miaka mitano na siku moja.

Na ujue mbele: nikija, maziwa ya Kamaliza nitayachemsha. Nitachemsha katikati ya kiwanja, na safari hii mukiniangalia bila kuuliza nitaeleza hata hivyo. Uniite mubishi kutwa nzima. Mubishi anakaa ndani, anabisha, anakula na wengine.

Kikirudi kimejaa, tarehe 1 nitafunga kufuli langu na nitapanda na mutoto. Kikirudi tupu, ao kisiporudi, sitaandika tena, na nitamuambia Kamaliza alisema kweli, ngombe ni mbuzi aliyekula sana, na tutaishia hapo.

Utanimiminia, ao hapana? Mbele ya jua kuzama, tarehe 22 Agosti.

Dada yako,
Verdiane